Mnara wa Bosi

4 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Zima kwanza hilo greda, ushuke, ukae kivulini, maana barua uliyoishika imeandikwa na mjomba bora kuliko wajomba wote waliowahi kuzaliwa chini ya jua. Sijisifu, natoa taarifa. Nimejilinganisha kwa haki kabisa na wengine, wakiwemo wale wawili wa kwetu waliokuwa wakitubeba kama madumu ya mafuta ya taa, na hakuna hata mmoja anayenifikia mabegani. Kungekuwa na mashindano, ningekabidhiwa kombe kabla filimbi haijapulizwa, na waamuzi wangepanga foleni kupiga picha na mimi. Nabadilisha nepi kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika stepla ya makochi, na mpaka leo hakuna nepi iliyopigwa stepla. Moja ilikaribia. Hiyo tuiache.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, isipokuwa ule mguu umevimba tena, na safari hii hata zile ngazi za mlangoni anazishuka kwa matusi. Matusi ya heshima, unamjua. Anakusalimu sana, anauliza kama huko kambini unakula ukiwa umekaa au unakula ukiendesha. Nikamwambia dereva wa greda hata kulala analala ameshika usukani. Hakucheka. Kwa hiyo ukijibu, mwambie unakula vizuri.

Karakana inaendelea. Fundi mkuu amenipandisha cheo: sasa naruhusiwa kuvuta kitambaa kwenye kona. Wewe unaona kona ni kitu kidogo, lakini kona ndiyo inayotofautisha kochi na gunia. Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, ila kona zangu zina shahada.

Watoto wako ni moto wa kuotea mbali. Majina yao ya kwenye cheti nadhani unayakumbuka wewe na karani tu. Hapa mtaani ni Bosi na Mkarimu, kama nilivyowabatiza siku ile uliyotueleza kwamba ndani ya tumbo mmoja alikuwa anamtolea mwenzake damu na mwenzake anapokea tu bila hata asante. Mkarimu yule kijiti aliyezaliwa na uzito wa mkate amemfikia mwenzake. Wamelingana kila kitu. Fundi mkuu anawatambua kwa mashati: jekundu ni Bosi, bluu ni Mkarimu. Siku nikifua yote mawili anawaita wote "nyinyi."

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Kliniki ile ya watoto waliotibiwa tumboni inawataka mwezi ujao, wametimiza miaka miwili. Mama kwa mguu huo hafiki. Nitawapeleka mimi. Niambie la kufanya, na uandike upesi, maana dereva wa lori la mafuta anapita hapa kwa kujisikia, na huko kwenu mtandao ni hadithi.

Ni mimi,
Mjomba wa Taifa


27 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikinuka dizeli, nami nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili. Mpe Mama salamu zangu, mwambie nakula nimekaa, kwenye meza, na wenzangu wananiita Mama Mkubwa kwa sababu nawafokea wakiacha sahani chafu. Mguu auweke juu ya mto akikaa. Asijifanye kijana.

Barabara imefika kwenye mwamba. Tunasubiri baruti, kwa hiyo siku mbili hizi greda limelala na mimi nina muda wa kukuandikia sawasawa. Weka utani pembeni kidogo, Fundi Maneno, unisome taratibu.

Unakumbuka tumbo langu lilivyojaa ghafla wakati mimba ilikuwa ya miezi mitano tu. Watu wakasema mapacha ni wakubwa. Hawakuwa wakubwa. Walikuwa wanatumia kondo moja la nyuma, na juu ya kondo hilo kulikuwa na mishipa inayopitisha damu kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, haraka kuliko inavyorudi. Anayetoa anakauka. Anayepokea anazidiwa, moyo wake unachoka na maji yanamjaa. Wakiachwa hivyo, mara nyingi wanakufa wote. Madaktari wakaniingizia tumboni bomba jembamba lenye kamera, wakaitafuta ile mishipa mmoja mmoja, wakaiziba kwa mwanga wa leza. Nilikuwa macho. Nilikuwa natazama dari.

Walizaliwa hai wote wawili, na watu wote wakafunga mjadala. Mimi sikuufunga. Daktari alinikanya kwamba leza inaokoa uhai, lakini haiwezi kurudisha nyuma kilichotokea kabla. Damu ilipokuwa inakwenda mrama, ubongo wa mmojawapo ungeweza kuumia, na kuumia huko hakuonekani siku ya kuzaliwa. Watoto wengi wa namna hii wanakua bila tatizo. Wachache wanabaki na kitu: mkono unakaza, mguu unavuta, maneno yanachelewa. Na anaweza kuwa yeyote. Nyumbani mmemlinda Mkarimu kwa sababu alizaliwa mdogo. Usimwangalie Mkarimu peke yake. Mtazame na Bosi.

Kikionekana mapema, mazoezi yanasaidia sana, kwa sababu ubongo wa mtoto bado unajifunza njia. Ndiyo kazi ya hiyo kliniki. Si kupewa alama.

Kwa hiyo nijibu haya: Wote wanashika vitu kwa mikono yote miwili? Wanakanyaga kwa nyayo nzima? Bosi anasema maneno gani?

Mkataba wangu unaisha mwezi wa nne. Kampuni inataka niongeze hadi mwezi wa kumi. Nikibaki tutahamia nyumba isiyo na ngazi, Mama apumzike. Lakini mmoja wao akionekana ana shida, nakuja na lori la kwanza, barabara wataimalizia wenyewe. Nasubiri neno lako.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na hongera! Wewe ni mama wa watu wenye akili. Hongera na kwangu pia, kwa sababu nani aliwalea?

Mama anakusalimu. Mguu anauweka juu ya mto kama ulivyosema, ila mto wenyewe ni ule wangu wa kulalia, kwa hiyo mimi sasa nalalia sponji ya mteja.

Habari ya kliniki ni hii. Nimefika asubuhi, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, wanawake wote kwenye benchi wakanipisha kama rais. Anayepima ni mama mmoja wa mazoezi, mpole, kajaza kalamu mfukoni kama mtu anayeziuza. Akasema mapacha wanapotezeana mawazo, kwa hiyo aingie mmoja, atoke, aingie mwingine.

Akaanza Mkarimu. Wakampa vipande vya mbao, akapanga mnara. Wakampa mpira, akaupiga teke ukagonga pipa la takataka. Wakamwonyesha picha, akasema kikombe, kiatu, paka. Paka alimwita kwa sauti kabisa, mtoto wa chumba cha pili akaanza kulia.

Kisha shati jekundu. Dada, mnara ulipanda kabla mama wa mazoezi hajamaliza kueleza! Mpira, teke. Picha, hata hakusubiri kuulizwa. Yule mama akacheka, akasema, "Huyu wa pili ana kasi kuliko wa kwanza, utadhani aliuona mchezo huu jana." Nikamwambia, "Damu ya mjomba hiyo." Akaandika andika, akasema wote wanaendelea vizuri, tuwarudishe mwakani.

Basi. Ongeza mkataba wako, chonga barabara, tuhamishe huyu bibi.

Kuhusu mikono uliyouliza: mikono wanayo. Ukijumlisha yote ni minne.

Karakanani tumepata kazi ya makochi ya ukumbi mzima, vitambaa vya kijani vinavyoteleza kama samaki. Nina mengi ya kukueleza kuhusu vitambaa vya kijani lakini dereva wa lori anapiga honi.

Mjomba wa Taifa


16 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwambie Mama nimepokea salamu zake na soksi. Mwambie pia asante kwa kunifungia zile soksi ndani ya gazeti la zamani, nimelisoma lote, hata matangazo ya vifo.

Nilipofungua barua yako nilikuwa juu ya greda, injini inaunguruma. Niliposoma "wote wanaendelea vizuri" nilizima. Msimamizi akaja anakimbia akidhani nimeharibu kitu. Nikamwambia hapana, ni vumbi limeniingia machoni. Akatazama huku na huku, siku yenyewe ilikuwa ya mvua.

Nimesaini. Nitabaki hadi mwezi wa kumi.

Namtuma dereva wa lori na mashati mawili, yote ya njano. Nimechoka na hizo rangi za kuwagawa watoto kama timu za mpira. Wavae sawa, walikuwa kitu kimoja kabla hawajawa wawili.

Jambo jingine. "Ukijumlisha yote ni minne." Nilicheka. Kisha nikaisoma tena, nikaona hukunijibu. Wala hukusema Bosi anatamka maneno gani nyumbani, siyo mbele ya picha za kliniki. Labda ni haraka ya honi. Nijibu safari hii.

Na wewe usidhani nakusumbua kwa kupenda. Kabla ya leza yule daktari aliniuliza swali ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Nalo sitaliandika hapa. Jua tu kwamba ndilo linanifanya niulize habari ya mkono mara mbili.

Dada yako


10 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Mama anaendelea. Mvua imekatika. Makochi ya kijani tumeyamaliza, mwenye ukumbi amekaa juu ya kila moja kujaribu, kama vile moja linaweza kumdanganya.

Mashati ya njano yamefika. Yamewatosha.

Nimemtengenezea Bosi kikochi chake mwenyewe. Mbao za mabaki, sponji ngumu ya chini, laini ya juu, na upande wa kushoto nimeupandisha kidogo na kuujaza, apate pa kuegemea. Kona zake ukiziona utalia. Mkarimu anakikalia pia ila anashuka upesi, yeye ni mtu wa safari. Bosi anapenda kutulia. Mama anasema ndiye mtoto mwenye adabu katika nyumba hii, akimaanisha watoto ni watatu na wa tatu ni mimi.

Tuna mchezo mpya pia. Nampa Bosi kipande cha kitambaa upande wa kushoto, anakivuta. Siku nyingine anakivuta. Ni mchezo tu.

Maneno anayo. Hapendi kuyatumia hovyo, tofauti na watu fulani tunaowajua.

Swali la daktari usipotaka kulisema usiliseme. Kila mtu ana lake.

Mjomba


2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Nawasalimu wote. Mimi mzima wa mwili.

Dereva wa lori alipoleta mizigo nilimwuliza, kama mtu anavyouliza, wanangu wamependeza na mashati yao? Akasema wamependeza sana. Akasema, "Yule mmoja alinikimbilia hadi mlangoni, na Bosi akabaki kwenye kikochi chake." Nikamwuliza, wewe umejuaje kwamba ni Bosi, wamevaa sawa? Yule bwana ni mkweli kwa sababu hajui kudanganya. Akasema, "Si yule anayetembea kama anakwepa maji?"

Nikamwambia anionyeshe. Mwanamume mzima, mwenye tumbo, akaniigiza pale kwenye matope jinsi mwanangu anavyotembea. Kidole cha mguu wa kushoto kinatangulia, kisigino hakigusi chini. Mkono wa kushoto umekunjwa hapa, karibu na kifua, ngumi.

Kikochi chenye upande wa kushoto uliojazwa. Kitambaa upande wa kushoto. Unadhani nafanya kazi na mawe hadi na mimi nimekuwa jiwe?

Haya, nikwambie lile swali, ili usiseme nadai nisichotoa.

Daktari aliniambia zipo njia mbili. Ya kwanza ni kuziba kitovu cha mmoja kabisa, aondoke, ili mwingine apate nafasi nzuri. Ya pili ni leza, tujaribu wote, kwa hatari kwamba tutawapoteza wote, au mmoja ataishi na jeraha kwenye ubongo. Akaniuliza, wewe unataka ipi? Nilikuwa peke yangu. Yule bwana ambaye tumekubaliana tusimtaje alikuwa ameenda kutafuta pa kuegesha gari, akaegesha hadi leo. Nikasema wote wawili. Daktari akaniuliza tena, unaelewa maana yake? Nikasema naelewa.

Kwa hiyo mguu huo, kama ni hivyo ulivyo, niliukubali nikiwa na akili zangu. Sijutii. Akiwa na mguu huo nampenda nao. Ila nilijiahidi jambo moja pale pale mezani, kwamba akibaki mmoja na shida, wa kwanza kuijua nitakuwa mimi. Sasa nimeijua kwa dereva wa mafuta.

Kliniki ilisema mzima. Mtoto aliyejenga mnara haraka kuliko mwenzake, akataja picha bila kuulizwa, halafu miezi miwili baadaye anakwepa maji. Haiwezekani. Kuna kitu hapo katikati, nawe ndiye uliyekuwepo.

Niandikie. Usichekeshe.

Dada yako


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu. Yuko sebuleni na Bosi mapajani.

Sina la kuchekesha.

Kabla ya kukuandikia nilimrudisha Bosi kliniki. Bosi mwenyewe. Mama wa mazoezi alifurahi kutuona, akasema mbona mapema, si nilisema mwakani? Akamweka chini atembee kidogo. Tabasamu lake likaondoka taratibu, kama mtu anayeondoa kitambaa cha kochi na kukuta mbao zilizooza ndani. Akamshika mkono wa kushoto, akaifungua ngumi, ikajifunga. Akampa vipande vya mbao. Bosi akachukua kimoja kwa mkono wa kulia, akakitazama, akanipa mimi.

Akasema, "Huyu mwezi wa tatu alinijengea mnara."

Nikasema, "Hakuwa huyu."

Akaweka kalamu chini. Hakunifokea. Ningependa angenifokea. Nikamweleza hivi ninavyokueleza wewe sasa. Mkarimu aliingia akapimwa, akatoka anashangiliwa. Bosi zamu yake ilipofika alikuwa amelala kwenye benchi, mama mmoja wa kwenye foleni, mwenye mtoto anayekohoa, alikuwa amenishikia. Sikutaka kumwamsha akaingia analia. Nikaenda na Mkarimu kwenye kona ya korido, nikamvua shati la bluu nikamvika jekundu. Nikarudi naye. Ndiyo maana alikuwa na kasi. Mchezo aliuona, siyo jana, ni muda ule ule.

Akaniuliza, "Kwa nini?" Nikasema amelala. Akaniuliza tena, nikasema amelala.

Anasema ubongo uliumia upande mmoja, na ni huko tumboni, kabla ya leza au wakati ule ule, hakuna atakayejua. Si kosa la uchaguzi wako, hilo ndilo nililomwuliza kwanza, maana nilikuwa nimesoma barua yako, nikamwomba alirudie nilisikie vizuri. Alisema bila leza usingekuwa na wa kupima. Atatembea, tena atatembea vizuri zaidi ya sasa. Mkono utahitaji kazi ya miaka. Maneno yatakuja, ila ya kuitwa, siyo ya kujiletea. Nikamwuliza, miezi hii tuliyoipoteza imekula nini? Akasema hajui. Akasema hakuna mtu atakayeweza kunitajia, kwa hiyo nisitafute wa kunitajia, nimlete tu.

Namleta. Fundi mkuu ameniruhusu niwe naanza kazi mchana. Tunafundishwa kumnyoosha kisigino, kumwekea vitu upande wa kushoto, kumsubiri aseme kabla ya kumpa. Kusubiri ndiko kugumu. Mimi na Mama tumezoea kumjibia.

Kikochi nimekibomoa. Mama wa mazoezi amesema ule upande niliojaza ulikuwa unamfundisha kuulalia. Nilikuwa nashona ulemavu wake ndani ya kiti, Dada, kwa kona nzuri.

Mama nilimwambia juzi. Nilidhani atanitupia hata kikombe. Aliniambia nimpe mtoto. Akaanza kumfungua vidole kimoja kimoja, vinajifunga, anavifungua. Kisha akasema, "Mimi nilidhani ni mtulivu."

Sasa nikujibu ulichouliza mwezi wa pili. Hapana, hashiki kwa mikono yote miwili. Nililiona kabla hata sijakuandikia ile barua ya kombe. Alikuwa anataka kisanduku cha pini kilichokuwa kushotoni kwake, akauzungusha mwili mzima akichukue kwa mkono wa kulia. Nikasema moyoni, ana mtindo wake. Hapana, hakanyagi kwa nyayo nzima. Neno lake lilikuwa moja, "hiyo," na kila kitu kwake ni hiyo.

Rudi, Dada. Najua umesaini kwa sababu yangu. Mwambie msimamizi ukweli wowote unaotaka kuhusu mimi, wa aina yoyote, nitaukubali.

Hapa nilikuwa nataka kuweka sahihi yangu. Nimekaa na kalamu muda mrefu, Mama ameniuliza kama nimeishiwa na maneno, mimi wa kuishiwa na maneno. Limebaki moja. Mama nimemdanganya, mama wa mazoezi nimemdanganya, na huko juu kwenye karatasi hii hii nimekudanganya na wewe kwa mara nyingine, sikuweza kulipita.

Bosi hakuwa amelala.

Alikuwa macho. Alimwona mwenzake anatoka mle ndani anachekewa, akajua sasa ni zamu yake. Akashuka mwenyewe kutoka mapajani kwa yule mama, akaja, na ule mguu wake, mbele ya watu wote wa benchi. Wakamtazama mguu. Mmoja akanitazama mimi. Nami nikaona aibu, Dada. Si huruma, wala si hofu. Aibu, kama mtu aliyepelekewa kochi bovu lenye jina lake. Bosi akaninyooshea mkono, ule mzima, nimbebe tuingie. Akasema "hiyo," akionyesha mlango.

Nikamvua shati jekundu, nikamwacha kifua wazi kwenye benchi, nikamchukua mwenzake.